Safari Fupi ya Kwenda Pwani

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe niliyeolewa na Msukuma. Naishi Nyahanga, mjini Kahama, na kazi yangu ni kufundisha jiografia sekondari. Ukiyaweka hayo matatu pamoja utaelewa kwa nini nyumbani kwangu hakuna anayeacha kunitania. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zao walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo kichwani, na babu zetu wakiwapokea, wakiwauzia maji na kuwacheka miguu yao iliyojaa vumbi. Mtani akikutukana hukasiriki. Unatafuta tusi zuri zaidi na kumrudishia.

Nilipopangiwa kazi Kahama nilijiona naijua nchi nzima. Nilikuwa nimeikariri: nyanda za juu, bonde la ufa, mvua za vuli na za masika, pamba inalimwa wapi na mkonge wapi. Nilijua kwamba Kahama iko Kanda ya Ziwa, kwa hiyo nikafunga begi langu nikiwaza jioni za kupunga upepo ufukweni. Niliposhuka kwenye basi nikamwuliza mwenye bodaboda ziwa liko upande gani. Alinitazama kwa huruma, akaniambia, "Dada, ziwa liko Mwanza. Unataka nikupeleke?"

Hata dhahabu sikuiona. Sijui nilitegemea nini, labda ing'ae kando ya barabara. Nilichokiona ni mpunga. Mpunga umeanikwa kwenye maturubai, mpunga kwenye malori, na mashine za kukoboa zinanguruma kutwa. Kwenye moja ya mashine hizo ndiko nilikomkuta mume wangu, amelala chali chini ya mtambo, miguu tu ndiyo inaonekana. Niliipenda ile miguu kabla sijauona uso. Siku hizi anatengeneza makarasha upande wa Geita, zile mashine za kusaga mawe yenye dhahabu, na anarudi nyumbani mwisho wa wiki akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka kupika maandazi.

Sasa, mimba yangu ya kwanza ilipokuwa kubwa, mama yangu alipiga simu kutoka Kisarawe. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Hilo halijadiliwi.

"Ningekuja mwenyewe kukuchukua," alisema, "lakini goti hili haliwezi kukaa kwenye basi siku nzima. Namtuma baba yako."

Baba yangu ni mstaafu. Alikuwa dereva wa kreni bandarini Dar es Salaam, na maisha yake yote nchi yake iliishia Chalinze. Ng'ambo ya Chalinze aliita bara, na bara kwake palikuwa mahali pamoja tu, kuanzia Morogoro mpaka Kongo. Majirani waliniambia baadaye kwamba aliwaaga wote nyumba kwa nyumba.

Siku ya safari alinipigia simu kila basi liliposimama.

"Niko Morogoro. Kuna milima. Bado sana?"

"Bado, baba. Ndiyo kwanza umeanza."

"Niko Dodoma. Huku miti walikata nani?"

"Haikukatwa, baba. Ni ukame."

"Niko Singida. Kuna alizeti, na mawe makubwa yamepandana kama mtu alikuwa anajenga akaitwa kula. Mwanangu, hii nchi haina mwisho?"

"Inao, baba. Lakini mimi niko katikati."

"Katikati," alisema. "Wewe mwalimu, usinidanganye."

Baada ya Nzega simu haikuita tena. Alikuwa amelala, na alilala mpaka Kahama. Alishuka amejikunja, kofia imekaa upande, ana begi dogo na gunia la nazi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema neno lake la kwanza kuhusu Kanda ya Ziwa: "Kiuno changu kimebaki Manyoni."

Sikuwa nimemwambia mume wangu amzuie mama yake, kwa sababu sikujua kwamba naye anakuja. Mama mkwe wangu anaishi karibu na Buseresere. Yeye na marehemu mumewe walizaliwa Shinyanga, wakahama na ng'ombe kuelekea magharibi wakifuata majani, kidogo kidogo, mwaka huu hapa na mwaka ule pale, hadi ng'ombe walipokubali kutulia. Ndivyo anavyosimulia: si wao walioamua, ng'ombe ndio walioamua. Alikuwa amesikia kwamba mimba yangu imekuwa kubwa, akapanda gari Buseresere, akabadilisha njiani, akatokea mlangoni kwangu siku ya pili yake, ana kuku wawili wamefungwa miguu na mfuko wa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani.

Baba yangu alikuwa amekaa kibarazani. Walikuwa wameonana mara moja tu, kwenye harusi yetu, na siku hiyo kila mmoja alikuwa na adabu. Sasa adabu zilikwisha.

"Aa, mtani!" alisema mama mkwe. "Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja kwa basi. Kutembea kwa miguu ni kazi ya kwenu."

"Ndiyo maana tuliwafikia. Nyie mngetungoja hadi leo mmekaa chini ya mnazi." Akageuka kwangu. "Mwanangu, mtani wangu amekula? Au alikuwa anangoja nazi idondoke?"

Nilimwamkia nikicheka. Baba alikuwa akimtazama kuku kwa wasiwasi, kwa sababu kuku naye alikuwa akimtazama.

Kwa siku kadhaa nyumba yangu ya vyumba viwili ikawa na serikali mbili. Baba alidai kwamba amekuja kunichukua. Mama mkwe alidai kwamba amekuja kukaa. Hakuna aliyegombana na mwenzake, ila kila kitu kilichoingia sebuleni kilikuwa na jimbo lake. Nikipika wali kwa nazi, mama mkwe alikula taratibu, akasema wali wenyewe ni mzuri, wa Kahama, lakini nani ameumwagia mafuta ya nywele? Siku iliyofuata alipika sato kutoka ziwani, mkubwa hata mkia ulitoka nje ya sufuria.

Baba alionja. "Samaki wa maji baridi," alisema, "anazaliwa bila ladha. Wa kwetu anatoka majini ameshatiwa chumvi."

"Basi kwenu mpishi hana kazi," alisema mama mkwe. "Ndiyo maana mna muda wa kucheza ngoma."

Baba alikula yule sato mpaka mifupa.

Kitu kilichomsumbua kwa kweli kilikuwa mwelekeo. Asubuhi ya kwanza alitoka na mkeka wake wa kuswalia akasimama uani, akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwetu mtu hukua akijua bahari iko wapi. Ikiwa mkono wako wa kulia, basi unatazama kaskazini, na mambo yako yote yananyooka.

"Hapa kila upande ni sawa," aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. "Mtu anajuaje anakokwenda?"

Nilimwonyesha jua linakochomoza, nyuma ya tangi la maji la jirani. Tangu siku hiyo lile tangi likawa ndiyo bahari yake. "Tangi mkono wa kulia," alikuwa akinong'ona, kisha anatandika mkeka.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni lugha. Baba yangu ni mtu mpole, lakini Kiswahili ni mali yake binafsi. Mama mkwe kwa Kisukuma ni msemaji wa kuogopwa, na Kiswahili chake ni kizuri, ila herufi ya *r* haina nafasi mdomoni mwake. Barabara kwake ni balabala, na gari ni gali. Kila aliposema, baba alirudia neno lilelile nyuma yake, limenyooshwa, kama mwalimu wa chekechea.

Siku moja mama mkwe alisimamisha kisu alichokuwa akimenyea viazi.

"Mtani, nikuulize. Hiki Kiswahili chako kilifikaje huku bara?"

"Kilikuja na biashara."

"Kilikuja kimebebwa kichwani na babu zangu. Pamoja na kaniki na shanga. Kama kuna helufi imedondoka njiani, si kosa letu, mzigo ulikuwa mzito."

Baba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nadhani ndipo walipoanza kupendana, ingawa yeyote kati yao angekataa kusema hivyo.

Mume wangu alirudi Jumamosi. Ni fundi ambaye wachimbaji wanamfuata kwa pikipiki kutoka shimo moja la dhahabu, duara wanavyoliita, hadi jingine, kwa sababu hakuna mashine inayomshinda. Alipowaona baba mkwe wake na mama yake wamekaa pande mbili za sebule, nilimwona akitafuta kitu cha kutengeneza. Alitengeneza bawaba ya mlango. Alitengeneza feni, ambayo haikuwa mbovu. Mwishowe baba alimwita akakaa.

"Baba, mimi nitakubali lolote watakaloamua wazee," alisema.

"Wazee hatujakubaliana," alisema mama yake. "Ndiyo maana tumekuita."

"Basi nitakubali lolote atakaloamua mke wangu."

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimevimba miguu, nimechoka, na katika uchovu ule nilimtamani mama yangu kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kumtamani tangu niwe mtu mzima. Nilitaka kanga zake, nilitaka sauti yake ya kulalamika. Nikasema nakwenda Kisarawe. Kliniki nesi alikunja uso, akapapasa tumbo, akasema wiki bado zipo, lakini kama ni kusafiri basi nisafiri sasa, nisije nikangoja.

Niliogopa kumtazama mama mkwe. Alikuwa akizungusha mfuko wa michembe mikononi. Kisha akasema, "Sawa. Na mimi nakwenda."

"Wapi?" aliuliza baba.

"Huko mwisho wa balabala. Mjukuu akizaliwa nani atamwambia yeye ni Msukuma?"

Basi tukapanda basi alfajiri, sisi watatu. Mimi nilikaa katikati yao, kama nchi kati ya majirani wawili. Mume wangu alisimama nje ya dirisha akishika chuma, akatembea na basi hatua chache lilipoondoka, kama vile angeweza kulirudisha. Mji ulikuwa bado haujaamka vizuri. Tulipita mashine za mpunga, tukapita malori yaliyoegeshwa, kisha ikawa mbuga ya udongo mweusi, vichaka vya miiba, na ng'ombe wanatolewa mazizini.

Maumivu yalianza kabla jua halijapanda vizuri. Kwanza nilidhani ni matuta ya barabarani. Nikahesabu matuta, halafu nikagundua kwamba barabara ni laini. Sikusema kitu. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, nesi alikuwa amesema wiki bado zipo. Yakaja tena. Nilimshika baba mkono, na kwa mkono mwingine nikamshika mama mkwe, bila kutaka, kama mtu anayeteleza.

Mama mkwe aliweka kiganja chake tumboni kwangu, akasikiliza kwa mkono, kisha akasimama katikati ya basi.

"Simamisha gali!"

Konda aligeuka. "Mama, kituo bado. Isaka hapo mbele."

"Simamisha gali hapohapo Isaka, na usiliondoe mpaka tumeshuka!"

Dereva hakuonekana kusikia, muziki ulikuwa juu. Ndipo baba yangu, dereva wa kreni, mlinzi wa Kiswahili sanifu, aliposimama, akapaza sauti ambayo sikujua kwamba anayo:

"Wewe! Huambiwi simamisha gali?"

Abiria wote waligeuka. Mimi nilikuwa nalia kwa uchungu, na katikati ya kilio nikacheka. Hata leo sijui ni kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Wakanishusha Isaka. Abiria walinisaidia kwa kila kitu, mmoja alinipa kanga mpya, mwingine maji, na mwanamke nisiyemjua alinibusu kipaji cha uso. Bajaji ikanipeleka kituo cha afya. Mama mkwe alikuwa ananong'ona Kisukuma sikioni mwangu njia nzima, na ingawa wakati ule nilikuwa nakijua nusu tu, nilielewa kila neno. Alikuwa akisema ng'wanawane, ng'wanawane, mwanangu, mwanangu.

Baba alifukuzwa mlangoni na muuguzi. Alijaribu kusimama hapo, akaambiwa hapa si pa wanaume. Akajaribu kukaa kwenye benchi, lakini sauti yangu ilimfikia. Basi akatoka akaenda kutembea, na alichokiona huko alinisimulia baadaye, wakati mimi nimelala nimetulia, naye ameketi kwenye stuli kama mtu aliyetoka kuhiji.

"Mwanangu," alisema, "wewe unajua Isaka ni nini?"

"Bandari kavu, baba. Mizigo inatoka Dar, inashushwa hapa, inakwenda Rwanda na Burundi. Nafundisha."

"Unafundisha! Mimi nimeipakia. Miaka yote ile nakaa juu kwenye kreni, naona karatasi za mizigo, Isaka, Isaka, Isaka. Unajua nilidhani nini? Nilidhani Isaka ni jina la mtu."

Mama mkwe, aliyekuwa akinikanda mgongo, alisimamisha mikono.

"Nilisema moyoni, huyu Isaka ni tajiri gani? Mkristo mmoja wa bara, kila siku anaagiza makontena. Ngano yake, saruji yake, mabati yake. Nikawa namwonea wivu. Hata siku moja nilimwombea dua, nikasema Mwenyezi Mungu, mimi nipe nusu ya Isaka."

Nilicheka mpaka nyuzi zikanivuta, nikamwomba anyamaze. Hakunyamaza. Alikuwa amefika mpaka kwenye uzio, ameona makontena yamepangwa na hakuna tone la maji, ameona reli inaingia na malori yanatoka. Alikaa na dereva wa lori wa Burundi aliyekuwa akinywa chai, akamweleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyainua yale. Dereva alisimama akampa mkono wa heshima, akamwagizia chai na chapati, akamwambia, "Mzee, kumbe ni nyinyi. Sisi huku tunajua tu kwamba vinakuja."

"Alisema hivyo," baba alirudia. "Tunajua tu kwamba vinakuja." Akavua kofia akaitazama ndani. Nilimwona akilia kidogo, akijifanya anatafuta kitu humo.

"Sasa na mjukuu amekuja," alisema mama mkwe. "Mzigo wa Dal es Salaam, umeshushiwa Isaka kama mingine."

Alikuwa msichana. Mzito, mwekundu, na mwenye hasira. Baba alimwadhinia sikioni, na alipotaka kujua ageukie wapi akanitazama kwa hofu, maana tangi la jirani halikuwepo. Nilimwonyesha dirisha.

Kisha akampigia mama yangu simu. Tulisikia wote, kwa sababu mama huamini kwamba umbali unahitaji sauti.

"Mmefika wapi?"

"Isaka."

"Isaka ni kabla ya Morogoro au baada?"

"Kabla," alisema baba. "Kabla sana. Mke wangu, kaa chini kwanza."

Hatukuendelea pwani. Siku chache baadaye mume wangu alikuja na gari la kuazima akaturudisha Nyahanga, akiendesha polepole kiasi kwamba baiskeli zilitupita. Na kabla wiki haijaisha mama yangu mwenyewe alishuka kwenye basi mjini Kahama, goti limefungwa kanga, ameshika mwavuli. Hakulalamika kuhusu safari. Alimchukua mtoto, akamtazama pande zote kama mtu anayenunua embe, akasema, "Miguu ya huku."

"Na mdomo wa kwenu," alisema mama mkwe. "Tangu azaliwe haujafungwa."

Wakakaa wote watatu hadi arobaini ilipopita. Mume wangu ghafla akawa na kazi nyingi sana Geita. Nilifunzwa kumwogesha mtoto kwa namna mbili zinazopingana, nikalishwa uji wa pilipili manga asubuhi na uji wa ulezi jioni, na usingizi niliupata kwa sababu daima kulikuwa na bibi mmoja aliyeogopa kwamba bibi mwenzake atambeba mtoto zaidi yake. Wakati huo niliwachukia kidogo. Sasa navikumbuka vile vikombe vya uji.

Walipoondoka, mama mkwe aliondoka nao. Alisema alikuwa ameshalipa safari moja ya kwenda mwisho wa barabara na hakufika, na yeye hapendi kuacha kazi katikati. Ng'ombe aliwaachia wanawe. Baba alimpa kiti cha dirishani, na kwa mujibu wa mama yangu alimweleza njia nzima kila kilima, kana kwamba yeye ndiye aliyekipanga.

Simu ilinijia siku ya pili yake, mchana. Walikuwa ufukweni Kigamboni. Nilisikia upepo, nilisikia watoto wanapiga kelele, kisha mama akasema, "Subiri, amevua viatu. Anaingia. Ameinama. Anaonja!"

Halafu nikamsikia mama mkwe wangu kwa mbali, sauti ya mtu aliyedhulumiwa:

"Mtani! Maji yote haya, na ng'ombe hanywi?"

Baba alijibu kitu ambacho upepo ulikichukua. Kisha wote watatu wakawa wanacheka, wananisahau hewani, na mimi nikabaki nimeshika simu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, nikingoja mmoja wao akumbuke kuikata.